Gari la Kila Siku

Picha ilipigwa Jumatatu asubuhi, kabla jua halijafika kwenye mapaa ya Komarock. Kyalo alilifunua turubai upande wa mbele tu, akalikunja mpaka katikati ya paa la gari, akaingia na kushika usukani. Juu alivaa shati jeupe na tai ya mistari ya enzi zake za ofisi ya maji. Chini alikuwa na kaptura ya kulalia na kandambili. Nthoki, mkewe, alikaa kando yake na furushi la sare za shule mapajani, akanyoosha mkono wenye simu.

"Cheka kidogo, Baba Kavinya. Unakaa kama mtu anapelekwa kotini."

"Chunga hii kaptura isionekane."

"Haionekani."

"Na turubai?"

Nthoki aliikagua picha. Turubai halikuonekana. Walionekana mume na mke wa makamo ndani ya gari kuukuu la Kijerumani, rangi ya chai ya maziwa, wakielekea kazini. Akaandika chini yake, "Tunatoka sasa," akaituma kwa binti yao Kavinya, aliyekuwa Doha akifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Jibu lilirudi papo hapo: mioyo mingi myekundu na neno moja, "Mwaitu," yaani mama yangu. Nthoki akafungua mlango, akashuka na furushi lake, akaanza safari ya stejini kupanda matatu, kwa magoti yake mabovu yale yale. Kyalo naye akashuka kulifunika gari.

Mama Owiti, jirani wa nyumba inayotazamana na yao, alikuwa anafagia mbele ya geti lake na kuyaona yote. Jina lake ni Truphena, na kama kuna mtu katika kota ile anayeweza kunyamaza, si yeye.

"Mgonjwa ameamkaje leo?" aliuliza.

"Mgonjwa gani?" Kyalo akamjibu bila kugeuka.

"Si huyu wenu wa blanketi. Naona ameinuliwa kichwa kidogo, nikafikiri amekubali uji."

Kyalo alivuta turubai mpaka chini, akafunga kamba zake moja baada ya nyingine, akaingia ndani kuvua tai.

Kavinya alipotuma pesa za gari, aliweka sharti moja tu. Alilisema kwenye simu akirudia, kwa sababu anamjua baba yake. "Baba, iwe gari ya kila siku. Ya kumpeleka Mwaitu kazi na kumrudisha. Magoti yake hayataki stage tena."

Nthoki alishona sare za shule katika kibanda kule Mbotela, mtaa walioishi kabla ya kuhamia Komarock. Wateja wake walikuwa huko na hawakukubali kumfuata, hivyo kila siku alikuwa anawafuata yeye, na furushi la vitambaa ambalo makondakta walilitazama kwa jicho baya. Gari lilikuwa la safari hiyo tu, Komarock mpaka Mbotela.

Watu wote wenye akili walimshauri Kyalo anunue kigari kidogo cha Kijapani, ambacho spea zake zinauzwa kila kona. Alikwenda kuviona. Alivizunguka, akapiga teke magurudumu kama walivyofanya wanunuzi wengine, na hakuhisi kitu. Kisha mtu akampeleka Ngara kwa daktari wa meno aliyekuwa anazeeka na kuhamia kwa wanawe, na hapo ndipo alipoliona gari ambalo baadaye waliliita Mjerumani. Alifungua mlango, akaufunga. Ulitoa sauti nzito ya heshima. Akaufungua tena akaufunga, na tena, mpaka daktari akamuuliza kama una tatizo.

"Hauna tatizo," alisema Kyalo. "Hauna tatizo kabisa."

Wiki za kwanza Mjerumani alifanya kazi aliyonunuliwa. Nthoki alikuwa amefuma vitambaa vyeupe vya kuweka juu ya viti, vyenye pindo la maua, na Kyalo akavisha viti vyenyewe nailoni ili visipate jasho la watu. Walitoka asubuhi, wakashika Kangundo Road, wakazunguka Donholm, wakateremka Jogoo Road. Na katika safari hizo lilitokea jambo ambalo Nthoki hakulitarajia, akalipenda kuliko hata kiti chenyewe. Kyalo aliongea. Huyu mwanamume ambaye nyumbani alikaa mbele ya televisheni jioni nzima akijibu "mm" na "sijui," akishika usukani alikuwa anafunguka. Alimwonyesha mahali walipokuwa wanapanga foleni ya mafuta ya taa. Alimcheka mzungu mmoja wa ofisini aliyeogopa mende. Siku moja, kwenye msongamano wa Donholm, alimwambia kwamba siku ile alipomwona kwa mara ya kwanza kanisani alikuwa amevaa viatu vya kuazima, ndiyo maana hakusimama kumsalimu. Miaka yote hiyo Nthoki alikuwa anafikiri aliringa.

Halafu bodaboda mmoja akajipenyeza mahali pasipopenyeka na usukani wake ukakwaruza mlango wa nyuma. Mkwaruzo wenyewe haukuzidi kidole. Kyalo alisimama kando ya barabara akaushika kwa kidole gumba, magari yakimpigia honi, na hakusema neno mpaka Mbotela. Kesho yake alisema wacha Mjerumani apumzike wiki hii. Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, na matope, unajua. Iliyofuata alinunua turubai.

Kila jioni Kyalo alitoka, akainua upindo wa turubai upande wa dereva, akajiingiza ndani kama mtu anayeingia kwenye chandarua. Alikuwa anasikiliza taarifa ya habari kwenye redio ya gari. Ilikuwa na sauti nzuri, alisema, ya zamani, yenye kifua. Nthoki aliisikia kutoka jikoni akikata sukuma wiki.

Siku moja uvumilivu ulimwishia. Alikuwa amerudi amelowa, goti la kulia limevimba, na furushi likavujisha rangi ya kijani kwenye sketi yake. Alisimama mlangoni pa sebule bila kuvua viatu.

"Baba Kavinya, gari ni ya nani?"

"Ni yetu."

"Ilinunuliwa ya nini?"

"Nthoki, barabara umeiona. Hawa watu wa boda hawana heshima. Ukiitoa kila siku, mwaka ukiisha itakuwa imechakaa."

"Si ichakae. Si ndiyo kazi yake? Mimi sichakai?"

Kyalo alijiinua kidogo kitini. Kisha akanyoosha kidole kwenye kabati la ukutani, lile la vioo, ambamo vilipangwa vikombe vya maua ya samawati na visosa vyake, zawadi ya harusi yao. Vilisuguliwa kila Krismasi na kurudishwa. "Na hivyo vikombe," alisema taratibu, "umevinywea lini?"

"Hivyo ni vya wageni."

"Haya basi."

Nthoki alivua viatu. Aliingia jikoni akajimiminia chai katika kikombe chake cha plastiki chenye sikio lililoungua. Alikunywa amesimama, hasira ikimpanda na kushuka, kwa sababu alijua mumewe amesema kweli na pia amemdhulumu, na hayo mawili hakuweza kuyatenganisha.

Uongo ulianza mdogo. Kavinya hupiga simu saa za asubuhi anapokunywa chai, na kwa kuwa saa za Doha na za Nairobi ni zile zile, simu humkuta mama yake stejini.

"Mwaitu, mko wapi?"

"Tuko njiani."

"Na hizo kelele?"

Utingo alikuwa amesimama karibu naye akiita abiria wa tao, yaani mjini, kwa sauti ya kupasua sikio. Nthoki alimkabidhi mtu furushi, akaziba simu kwa kiganja, akasogea mpaka nyuma ya kibanda cha mayai. "Ni jam," alisema. "Watu wanapiga makelele kwa jam."

"Baba anaendesha pole pole?"

"Pole pole kabisa."

Kavinya akacheka kwa raha, kicheko ambacho mama yake hakuwa amekisikia tangu aondoke, na baada ya kicheko hicho Nthoki hakuona namna ya kurudi nyuma. Binti akaomba picha. Ndipo likaja shati jeupe na kaptura.

Kyalo hakupenda picha zile. Kila Jumatatu alifunga tai kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Lakini alikubali kupigwa, kwa sababu njia nyingine ilikuwa kuwasha gari na kulitoa barabarani.

Habari kwamba Kavinya amepewa likizo ziliingia nyumbani zikawageuza wote wawili. Nthoki alifua mapazia. Kyalo alinunua nta ya kung'arisha, akamsugua Mjerumani mchana kutwa, mpaka Mama Owiti akaja kujitazama kwenye mlango na kurekebisha kilemba chake.

"Kumbe mgonjwa alikuwa mzuri hivi," alisema.

"Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anangoja," Kyalo alimjibu, na safari hii alitabasamu. Sasa aliweza kusema yaliyokuwa moyoni mwake. Alikuwa anamtunzia binti yake. Kavinya atatoka pale uwanja wa ndege aone jasho lake linang'aa, halina hata vumbi. Mkwaruzo nao alikuwa na akiba kidogo pembeni ya kuupiga rangi, ila fundi wa rangi hakuwa na nafasi wiki hiyo.

Siku yenyewe alivaa suti, akaingia, akazungusha ufunguo. Pakasikika "tik." Akauzungusha tena. Redio zile za jioni zilikuwa zimeinyonya betri hadi tone la mwisho. Vijana wa kota waliitwa kusukuma, wakajipanga nyuma na kuhesabu moja mbili tatu, na gari halikusogea hata inchi, kwa kuwa breki zilikuwa zimeshikana na magurudumu. Walisukuma tena. Mmoja akateleza akaangukia goti. Watu walitoka kwenye mageti kuangalia, watoto kwa mama zao, na Kyalo akaendelea kukaa ndani ameshika usukani, akitazama mbele.

"Shuka, Baba Kavinya," Nthoki alimwambia kwa upole. "Tuite teksi. Mtoto atatua atukose." Kyalo alishuka, akalifunika gari tena kabla teksi haijafika.

Kule uwanja wa ndege Kavinya aliwakumbatia kwa muda mrefu. Alikuwa amepungua, na mikono yake ilikuwa na ngozi kavu inayometa, ya mtu wa sabuni. Alipowaachia, macho yake yaliwapita yakatafuta maegesho.

"Yuko wapi?"

"Nani?" Kyalo aliuliza.

"Mjerumani."

"Ameenda service," alisema Kyalo.

Nthoki aliinama kushika mkoba wa binti yake, ingawa haukuhitaji kushikwa.

Nyumbani chai ilikuwa tayari kwenye chupa. Nthoki alifungua kabati la vioo, akatoa kikombe kimoja cha maua ya samawati na kisosa chake, akamwekea Kavinya. Yeye na mumewe wakachukua vya plastiki. Kavinya alikitazama kikombe kile bila kukigusa.

"Mwaitu, mimi ni mgeni?"

"Wewe? Mgeni wa wapi? Ni vile umetoka mbali."

"Kikombe changu kiko wapi? Kile cha kijani."

Nthoki hakujua. Aliinuka kukitafuta, akapekua chini ya sinki na juu ya friji, na kila alipofungua mlango wa kabati bila kukipata alizidi kufadhaika. Kavinya akasema haidhuru, akanywa chai haraka haraka, akatoka nje kupunga hewa. Hapo kando ya geti, mahali alipopita na mizigo yake bila kutazama, akaliona turubai na umbo lililokuwa chini yake.

Walipomfuata alikuwa ameshafungua kamba. Alifunua mbele, akafunua nyuma, akafungua mlango na kukaa kiti cha mbele, upande wa mama yake. Nailoni ikalia chini yake. Ilikuwa bado ina mikunjo ya kiwandani. Kavinya aliipapasa, akageuka nyuma, akaona uzi mweupe umetoka chini ya kiti. Aliuvuta. Ukaja na uzi mwingine, na karatasi zilizotafunwa, na mwishowe kiota kizima cha panya, laini na cha mviringo, kilichojengwa kwa vitambaa alivyofuma Nthoki. Pindo la maua lilikuwa bado linatambulika.

"Baba, si ulisema ameenda service?"

Kyalo alitazama viatu vyake.

"Na zile picha, Mwaitu?"

"Nilikuwa sitaki uwe na mawazo huko," Nthoki alisema. "Ulikuwa umefurahi."

Kavinya aliweka kiota mapajani. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali kwao kama angepaza. "Mnajua pale kwa laundry hakuna dirisha," alisema. "Ni chini kabisa. Huwezi jua kama ni asubuhi ama ni jioni. Sasa mimi nilikuwa najiambia, saa hii wametoka. Saa hii wanapita Donholm. Baba anasema kitu, Mwaitu anacheka. Sasa wako Jogoo Road. Napiga pasi, nawapeleka pole pole mpaka Mbotela, na nikiwafikisha nakuta kazi imesonga." Alivuta pumzi. "Hiyo ndiyo nilikuwa nayo. Sasa nikirudi nitawaza nini?"

Mama Owiti, aliyekuwa kwenye geti lake na ufagio, aliingia ndani kimya kimya na kufunga mlango, na hilo peke yake lilionyesha ukubwa wa jambo.

"Nilikuwa nakutunzia," Kyalo alisema mwishowe. "Nilitaka uikute vile ilivyokuja."

"Sikutaka kuikuta, Baba. Nilitaka muitumie."

"Najua." Alishika ukingo wa mlango ule mzito. "Kavinya, mimi nimekaa ofisi ya maji miaka yangu yote, na hakuna mtu aliwahi kugeuka kuniangalia. Hii gari nikiipitisha, watu waligeuka. Ilipokwaruzwa nikaona itaisha, nami nitarudi kuwa yule wa zamani. Ni upuzi, najua."

Nthoki alimtazama mumewe. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea hivyo tangu siku ile ya viatu vya kuazima, na ilimuuma kwamba maneno kama hayo alikuwa anayasikia gari likiwa limekufa.

Fundi aliyeitwa alikuwa Opiyo, kutoka karakana za kandokando ya Kangundo Road. Alifungua boneti, akainama, akakaa humo kitambo. Akalala chini akatazama magurudumu. Alipoinuka alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mwenye gari alikuwa safari?"

"Hapana," alisema Kyalo.

"Alilazwa?"

"Hapana. Ni yangu. Nilikuwa naitunza."

Opiyo aliwatazama wanawake wawili waliosimama nyuma, akaelewa kwamba hapa pana maneno, akapunguza sauti. "Sasa mzee, engine iko sawa, hiyo ya Mjerumani haifi leo. Lakini betri imekwisha, brake zimeshika kutu, panya wamekula waya, na dizeli imelala mpaka imeoza. Hii haijaharibiwa na barabara. Imeharibiwa na kukaa."

"Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Lakini nitataka kitu ya kuanzia, ninunue spea."

Kavinya alifungua mkoba. Mkono wake ulikuwa haujatoka ndani ya mkoba huo baba yake aliposema, "Weka." Aliingia nyumbani akarudi na bahasha ya akiba yake ya kupiga rangi mkwaruzo, akampa Opiyo yote bila kuifungua. Opiyo akauliza kama na ule mlango wa nyuma ushughulikiwe kwa hizo hizo.

"Huo uache," alisema Kyalo.

Kazi ilikula karibu likizo nzima. Spea moja ilikosekana Kirinyaga Road, ikatafutwa Gikomba, ikaletwa nyingine isiyokaa. Nthoki aliendelea kwenda Mbotela kama kawaida, na Kavinya akawa anamsindikiza na kumbebea furushi. Kwa mara ya kwanza aliona mahali simu zake zilipopokelewa, nyuma ya kibanda cha mayai. Muuza mayai alimtambua Nthoki akauliza, "Mama, huyu ndiye wa jam?" Nthoki alitamani ardhi immeze. Kavinya alicheka mpaka akalazimika kushika bega la mama yake, na kicheko kikageuka kilio katikati, wakasimama pale stejini wameshikana huku magari ya tao yakija na kuondoka bila wao.

Mjerumani alirudi siku moja kabla ya Kavinya kusafiri. Opiyo mwenyewe ndiye aliyemleta, gari likinguruma na kutoa moshi, na vijana wa kota wakapiga makofi. Kyalo alizunguka gari akiligusa hapa na pale. Uso wake ulikuwa umechangamka.

"Sasa kesho," alisema mezani usiku wa kuagana, "nitakupeleka airport mwenyewe. Mpaka mlangoni."

Kavinya alikuwa anachora kitambaa cha meza kwa kucha. "Hapana, Baba."

"Hapana nini?"

"Sitaki kupelekwa. Mwaka ule nilipoondoka mlinipeleka mkasimama pale kwa kioo. Mimi niko ndani, nyinyi mko nje, Mwaitu ameweka mkono kwa kioo. Nimekaa na huo mkono wakati wote huu. Kila nikifunga macho ni huo." Aliinua kichwa. "Ndege ni ya jioni. Nitaita teksi. Kesho ni Jumanne, Mwaitu ana kazi. Muende kazi."

"Mtoto wangu anasafiri nami niende kushona?" Nthoki aliuliza.

"Uende ushone. Kila mara mimi ndio ninaondoka na nyinyi mnabaki. Safari hii nyinyi mwondoke, mimi nibaki kwa geti niwaangalie. Na msiniage. Semeni vile mtu anasema akienda kazi."

Nthoki alikataa. Alikataa mezani, na akakataa jikoni akiosha vyombo. Alipokwenda kulala alikuwa bado anakataa. Asubuhi aliamka kabla ya wote, akafunga furushi lake la sare, akatandika meza. Kisha alifungua kabati la vioo, akatoa vikombe vitatu vya maua ya samawati, akavimiminia chai vyote vitatu. Wakanywa. Chai ilikuwa na ladha ile ile ya kila siku, na Kyalo alisema vikombe vyenyewe kumbe ni vidogo, ukimeza mara tatu umemaliza.

Nje kulikuwa na matope ya mvua ya usiku. Kyalo alivaa shati lake jeupe na, safari hii, suruali ndefu. Turubai alikuwa amempa Mama Owiti afunikie kuni zake. Aliwasha, injini ikakohoa ikashika. Nthoki aliweka furushi kiti cha nyuma, akabadili mawazo, akalichukua na kulipakata kama alivyozoea. Alimtazama binti yake kupitia dirisha lililo wazi, akafungua mdomo. Kavinya aliona maneno yanayokuja, akatikisa kichwa.

Nthoki aliyameza. "Kuna sukuma kwa friji," alisema. "Pasha ule, usikae na njaa."

"Sawa, Mwaitu."

"Na ukitoka ufunge hiyo dirisha ya jikoni."

"Nitafunga."

"Haya." Akalipakata furushi vizuri zaidi. "Tutaonana jioni."

"Tutaonana jioni," alisema Kavinya.

Gari likateremka taratibu mpaka mwisho wa kota, magurudumu yakirusha matope juu ya milango iliyosuguliwa kwa nta, juu ya ule mkwaruzo. Kwa kioo cha nyuma Kavinya aliviona vichwa viwili. Alikuwa ameomba Mungu mama yake asigeuke, na mama yake hakugeuka. Cha baba yake kiligeuka kidogo upande wa kushoto. Alikuwa anasema kitu. Cha mama yake kikainama, kikainuka, kama cha mtu anayejibu. Wakakata kona.

Mama Owiti alikuwa ametoka na ufagio wake. Alitazama moshi uliobaki, akamtazama msichana aliyesimama getini na mikono miwili kifuani.

"Hawa wamependeza hivi wanaenda wapi?"

"Kazi," alisema Kavinya. "Wanaenda tu kazi."

Aliingia ndani. Aliosha vile vikombe vitatu, akavikausha, akavipeleka mpaka mbele ya kabati la vioo. Akasimama hapo kidogo, kisha akarudi navyo jikoni na kuvipanga kando ya sinki pamoja na vile vya plastiki. Sanduku lake lilikuwa limefungwa mlangoni. Alikaa juu yake, akafunga macho. Sasa wanapita Donholm, alijiambia, na safari hii ilikuwa kweli.